Picha imegoma kupita mlangoni: maswali na majibu

Barua za mwezi huu ni kama waandishi wake walikaa kikao kwanza. Karibu kila aliyeniandikia ana picha iliyokataliwa mahali: barua pepe imeirudisha, fomu ya mtandaoni haiitaki, mchapaji ameitazama akatikisa kichwa. Nimechagua maswali tisa. Programu nitakazozitaja zinapatikana bure, na ukishaziweka kwenye kompyuta zinafanya kazi hata bando likiisha. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana nikiyatafsiri mtavitafuta hadi usiku.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga. Nina picha saba za mahafali ya mjukuu wangu, nataka kumtumia shangazi yake kwa barua pepe. Kompyuta inasema ni kubwa mno. Mbona kwenye skrini naziona ndogo tu?

Shikamoo, mwalimu. Hilo swali lako la mwisho ndilo wengi walipaswa kuliuliza kabla ya mengine yote.

Lugha yetu inatuponza kidogo hapa. Tukisema "ukubwa wa picha" tunachanganya mambo mawili. Kuna upana na urefu wake, unaohesabiwa kwa pikseli, yaani vile vitone vya rangi vinavyoiunda picha. Halafu kuna uzito wa faili, unaohesabiwa kwa kilobaiti na megabaiti. Gunia la pamba na gunia la mchanga huweza kulingana kwa umbo, ila anayeyabeba anajua tofauti yake. Kwa hiyo humu nikisema vipimo, namaanisha pikseli. Nikisema uzito, namaanisha KB na MB.

Simu ya kawaida siku hizi hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000. Zidisha: ni milioni 12. Skrini ya kompyuta nyingi za nyumbani ina pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni milioni mbili na kidogo. Picha yako ni karibu mara sita ya skrini nzima, na kompyuta inakuonyesha ikiwa imekunjwa ili ienee dirishani. Wewe unaiona ndogo. Barua pepe inaipokea kama ilivyo. Gmail, kwa mfano, haipokei viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa barua moja, na faili likifungwa kwa ajili ya kusafirishwa huongezeka uzito kwa takriban theluthi moja. Kwa hiyo nafasi unayoipata ni kama MB 18 hivi. Picha zako saba zikiwa na MB 4 kila moja, zinafika 28.

Huna haja ya kuweka programu mpya. Paint imo kwenye Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, na kazi hii inaiweza. Bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuifungua kwa Paint, kisha bonyeza Ctrl na W kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha kinachokuuliza unataka asilimia au pikseli. Chagua asilimia, andika 50, na uhakikishe ile alama ya kufungamanisha upana na urefu imewashwa, la sivyo mjukuu atatoka mwembamba kama mlingoti. Ukiweka 50 utadhani umebakiza nusu. Umebakiza robo, kwa sababu upana umekatwa nusu na urefu nao umekatwa nusu: 2000 kwa 1500 ni pikseli milioni tatu. Kwa kutazamwa kwenye skrini hizo zinatosha na kubaki.

Sasa hapa, mwalimu, naomba unisikilize vizuri. Ukimaliza, USIBONYEZE Ctrl na S. Nenda kwenye "File", kisha "Save as", uipe jina jingine, tuseme mahafali1-ndogo. Miaka mingi iliyopita nilipunguza picha za harusi ya dada yangu, zaidi ya mia tatu, ili zienee kwenye flashi ya shemeji. Nilifanya usiku kucha, nikahifadhi kila moja juu ya ileile. Asubuhi nikawa na picha mia tatu za ukubwa wa kiganja, na zile za asili hakuna tena popote duniani. Dada yangu alinisamehe. Shemeji bado ananitania kila Idd.

Kaka, najaza fomu ya viza ya Marekani. Picha niliyopigwa studio ina MB 5, na maelekezo yanasema isizidi 240. Nikaipunguza hadi 240 kwa 240, bado wanaikataa. Nimechoka. (Mwanza)

Pole, dada. Umepunguza kitu ambacho hawakukuomba. Ile 240 ni uzito, kilobaiti 240. Vipimo wanavyovitaka ni vingine kabisa: picha iwe ya mraba, isiwe chini ya pikseli 600 kwa 600 wala isizidi 1200 kwa 1200, na faili liwe la JPEG, yaani lile linaloishia na .jpg. Ya kwako ya 240 kwa 240 ni ndogo kuliko kiwango cha chini. Kumbuka pia kwamba kichwa, kuanzia kidevuni hadi utosini, kinatakiwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha, na nyuma pawe peupe.

Kwa kazi hii natumia GIMP. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka 1996, na hadi leo hailipiwi hata senti. Ipakue kutoka gimp.org, na si kwingineko, kwa sababu kuna tovuti nyingi zenye vitufe vikubwa vya kijani vinavyokupa programu pamoja na wageni usiowaalika.

Anza kwa kukata, ndipo upunguze. Picha ya studio ni ya mstatili. Ukiilazimisha iwe ya mraba kwa kubadilisha namba tu, uso unapanuka kama umekaliwa, na mtu wa ubalozi anaona mara moja. Bonyeza Shift na C kupata kifaa cha kukatia. Kwenye mipangilio yake weka tiki penye "Fixed", chagua "Aspect ratio", uandike 1:1. Sasa kila mraba utakaouchora utabaki mraba. Uburute uuzunguke uso na mabega kwa kiasi cha haki, kisha bonyeza Enter.

Nenda "Image", kisha "Scale Image", uandike 900. Urefu utajijaza wenyewe. Kwa nini 900? Hakuna siri, iko katikati ya 600 na 1200, na inakuachia nafasi kwenye uzito.

Kinachofuata huwakwaza wengi. Ukihifadhi kwa njia ya kawaida, GIMP inakupa faili la XCF, ambalo ni la kwake yenyewe na fomu yako haitalijua. Tumia "Export As" na umalizie jina kwa .jpg. Kitatokea kidirisha chenye kitelezi cha ubora. Weka tiki penye "Show preview in image window", na hapohapo utaonyeshwa uzito wa faili kabla hujalihifadhi. Anza na 90, shuka taratibu hadi usome namba iliyo chini ya 240. Kwa pikseli 900 kwa 900 na ukuta mweupe nyuma, mara nyingi hutahitaji kushuka mbali.

Kile kitelezi kinafanya nini? JPEG, iliyokubaliwa kuwa kiwango mwaka 1992, huigawa picha katika vijiraba vya pikseli nane kwa nane, kisha ndani ya kila kimoja hutupa yale ambayo jicho la binadamu haliyatambui sana. Ukiishusha kutoka 95 hadi 85 uzito unaporomoka na wewe huoni tofauti. Ukifika 40, vile vijiraba vinaanza kuonekana kandokando ya nywele na kola. Na kila unapofungua JPEG, ukabadilisha kitu, ukaihifadhi tena, inatupa tena. Ndiyo maana nakuomba urudi kwenye ile ya MB 5 ya studio. Hii uliyokwisha kuitesa iache.

Jambo la pembeni. Ukitafuta mtandaoni utapata tovuti chungu nzima zinazokuambia "weka picha hapa tuipunguze bure". Kwa picha ya maua, sawa. Kwa picha ya pasipoti, kitambulisho au cheti, mimi siziamini: unaikabidhi sura yako na karatasi zako kwa mtu usiyemjua, kwa kazi ambayo kompyuta yako inaimaliza kwa dakika tatu.

Fundi, nauza kanga Unguja. Nikipiga picha zinatoka safi, nikiziweka mtandaoni jina halisomeki, na kanga za maua madogo zinatoa mawimbi ya ajabu. Wateja wananiuliza "imeandikwaje?" hadi nachoka kujibu. Na ni picha kama mia nne.

Dada yangu, kanga isiyosomeka jina ni nusu ya kanga, wateja wako wana haki. Swali lako limenifurahisha, nitakaa nalo kidogo.

Tuanze na hesabu. Kanga moja ina upana wa kama sentimita 150. Tuseme herufi za jina zina urefu wa sentimita 3. Ukiipiga kanga nzima na kuipunguza hadi pikseli 300 kwa upana, kila sentimita inapata pikseli 2, na herufi yako yote imebanwa ndani ya pikseli 6. Hapo hakuna programu itakayokuokoa. Kutofautisha "a" na "o" kwa vitone sita ni kazi ya kubahatisha. Ukiipunguza hadi 1200, sentimita moja inapata pikseli 8 na herufi inapata 24. Inasomeka bila miwani.

Nimeziangalia zile picha mbili ulizoniambatishia. Zina pikseli 320 kwa upana. Nadhani aliyekufundisha alikuambia uziweke ndogo ili zifunguke haraka. Alikuwa na nia njema, ila ukurasa wako wa kuuzia unazinyoosha tena zijaze nafasi, na picha ndogo iliyonyooshwa ni ukungu mtupu. Weka 1200 upande mrefu. Kisha kwa kila kanga ongeza picha ya pili: sogea karibu upige jina peke yake na kipande cha pindo. Hiyo ndiyo itakayonyamazisha maswali.

Mawimbi yana sababu nyingine. Mji wa kanga ukiwa na maua madogomadogo yaliyojipanga, na programu ikapunguza picha kwa kuokota pikseli moja na kuruka kadhaa, mpangilio wa maua na mpangilio wa kuruka vinagongana, na hapo linazaliwa umbo ambalo halimo kwenye kitambaa. Programu nzuri hairuki. Inachanganya rangi za pikseli jirani kupata moja. Kwenye GIMP, ndani ya "Scale Image", kuna sehemu inaitwa "Interpolation". Ikiwa imeandikwa "None", ndiyo hiyo inayoruka. Weka "Cubic" au "NoHalo". Mawimbi yakibaki baada ya hapo, huenda yaliingia tangu simu ilipopiga. Rudi nyuma hatua moja au badilisha pembe, upige tena.

Kuhusu picha mia nne: usizifungue moja moja, utazeeka. Wengi watakutajia IrfanView, na ni programu ninayoipenda, nitaitaja tena hapa chini. Lakini ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na wewe unauza. Kwako nashauri PowerToys ya Microsoft, ambayo hailipiwi hata ukiitumia kwa biashara. Inafanya kazi kwenye Windows 10 na 11. Ukishaiweka, fungua sehemu ya "Image Resizer" na uongeze kipimo chako mwenyewe: chagua "Fit", 1200 kwa 1200, pikseli. "Fit" maana yake picha ienee ndani ya hicho kisanduku bila kukatwa wala kuvutwa. Kisha fungua folda, chagua picha zote kwa Ctrl na A, bofya kitufe cha kulia, chagua kupunguza, weka tiki pale panaposema picha zipunguzwe tu zisikuzwe, halafu nenda kachemshe chai. Zikimaliza utakuta nakala mpya pembeni, na za asili hazijaguswa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichonifanya niipende.

Kuna haja gani ya programu? Mimi najitumia picha WhatsApp, naipakua, tayari imepungua. (Morogoro)

Ni kweli, na mimi nimefanya hivyo nikiwa na haraka. Tatizo ni kwamba wanaoamua ipungue kiasi gani ni wao, na wakibana wanabana kwa nguvu. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD kinachobakiza zaidi, ila hata hicho hakikuulizi unataka pikseli ngapi. Ukitaka picha ifike kama ilivyo, itume kama "Document". Na mtu akikuomba picha ya kuchapa, tafadhali usimpe iliyokwisha kupita kwenye magrupu manne.

Mchapaji wa kadi ameniambia picha yangu ni ya 72 dpi, anataka 300. Nikabadilisha ile namba ikawa 300. Nimemaliza?

Kama ulibadilisha namba tu, hujafanya lolote. Dpi ni maelekezo ya kusambaza pikseli kwenye karatasi, ngapi ziingie ndani ya inchi moja. Kubadilisha namba hakuongezi pikseli, kama ambavyo kukata mkate vipande vingi hakuongezi unga.

Mchapaji anachotaka kujua ni kama pikseli zitatosha. Chukua inchi za karatasi, zidisha kwa 300. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji 1200 kwa 1800. A4 nzima inahitaji 2480 kwa 3508. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji 413 kwa 531 tu. Angalia picha yako ina pikseli ngapi. Zikifika, ichukue hivyohivyo, hata kama imeandikwa 72. Zisipofika, mwambie apunguze ukubwa wa kadi au utafute picha nyingine. Mchapaji akikazana kwamba lazima aone 300, mwandikie 300 ili siku iende.

Ndugu mwandishi, baba yetu alifariki. Picha pekee niliyonayo ni moja ndogo niliyoitoa kwenye Facebook ya binamu, pikseli 200 kwa 300. Nataka ya kuweka ukutani, A4. Programu gani inaweza kuikuza? (Nakuru)

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Sitakupa matumaini ya uongo. Pikseli 200 kwa 300 zikichapwa vizuri zinatoa picha ya sentimita 1.7 kwa 2.5, kama stempu. Ukizinyoosha hadi A4, kila kitone kinakuwa kigae cha milimita moja. GIMP itazilainisha hizo kingo lakini haiwezi kurudisha kope ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa.

Utasikia juu ya programu za akili bandia zinazokuza picha. Zipo za bure pia. Upscayl ni mojawapo, inafanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe, ila inataka mashine yenye kadi ya picha inayojiweza. Kwa jengo au mandhari ninaitumia bila wasiwasi. Kwa uso wa mzazi, nimesita. Inachofanya ni kubuni: inatazama ukungu na kuchora jicho linaloelekea kufaa. Linaweza kuwa jicho zuri sana, la mtu mwingine. Nyinyi watoto mtaliona, hata mgeni asipoliona. Ukiijaribu, muite mama au shangazi aitazame kwanza kabla hujalipia fremu.

Kabla ya hayo yote, tafuta karatasi. Binamu aliipata wapi ile picha? Mara nyingi mtu ameipiga kwa simu picha iliyo kwenye albamu. Tafuteni kwenye kadi ya kazini, kitambulisho cha zamani, cheti cha ndoa, sanduku la mama. Hata picha ndogo ya pasipoti inatosha. Ikipitishwa kwenye skana kwa dpi 1200, ile ya milimita 35 kwa 45 inatoa takriban pikseli 1654 kwa 2126, na hizo ukizichapa A4 unapata kama 200 kwa kila inchi. Kwa picha ya ukutani, inayotazamwa kutoka hatua mbili, hiyo ni nzuri. Itaonyesha chembechembe za karatasi na pengine mkunjo. Mkunjo wa kweli mimi naupenda kuliko jicho la kubuni.

Mwambie mwenye skana akupe faili la TIFF au PNG, ambayo hayatupi kitu yanapohifadhiwa. Ukishaona lipo salama sehemu mbili tofauti, ndipo utengeneze nakala ndogo za kuwagawia ndugu.

Dada yangu yuko Muscat, ananitumia picha za iPhone zinazoishia na .heic. Kompyuta yangu ya Windows inazikataa hata kuzifungua, seuze kuzipunguza.

iPhone zilianza kuhifadhi picha kwa HEIC mwaka 2017. Ni muundo mzuri kwa kuokoa nafasi, msumbufu kwa kushirikiana. Njia rahisi iko upande wake: aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", achague "Most Compatible", na kuanzia hapo simu itatoa JPEG. Kwa zile alizokwisha kukutumia, GIMP inazifungua moja kwa moja, nawe utazitoa kwa "Export As" kama nilivyomweleza dada wa Mwanza.

Mwalimu wa sekondari, Bukoba: Maabara yetu ina kompyuta za Ubuntu. Tuna picha 600 za shule za miaka kumi, tunataka nakala ndogo za kuwaonyesha wazazi. Nyingine zinalala ubavu. Intaneti ni ya kubahatisha.

Mwalimu, wewe una bahati kuliko wenye Windows, ingawa wanafunzi wako hawataamini. Kuna ImageMagick, programu isiyo na vitufe, unaiandikia amri kwenye dirisha la Terminal. Ilianza mwaka 1987 mikononi mwa John Cristy akiwa kampuni ya DuPont, ikatolewa kwa wote mwaka 1990, na hadi leo seva nyingi duniani huitumia kimyakimya. Iweke siku intaneti ikiwepo, kwa kuandika sudo apt install imagemagick. Kisha ingia kwenye folda ya picha na uandike mistari hii miwili:

mkdir ndogo

mogrify -path ndogo -auto-orient -resize '1280x1280>' -quality 85 *.jpg

Mstari wa kwanza unatengeneza folda tupu. Wa pili unapitia kila picha, unaisimamisha iliyolala, unaipunguza isizidi pikseli 1280 upande wowote, na kuiweka nakala kwenye ile folda. Alama ya > maana yake "zile tu zilizozidi". Picha ambayo tayari ni ndogo haikuzwi. Zinazolala ubavu hazijaharibika: kamera iliandika ndani ya faili kwamba ilishikwa wima, na programu nyingine hazisomi hilo andiko. Amri ya -auto-orient inalisoma na kuizungusha picha kwelikweli.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukisahau -path ndogo, mogrify itaandika juu ya picha za asili bila kukuuliza, na utakuwa mwanachama mwenzangu katika chama cha harusi. Na Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake mojawapo, inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kamera nyingi huandika .JPG, basi ukiona nakala zimetoka 200 badala ya 600, rudia amri ukimalizia na *.JPG.

Ikiwa ofisi ya mkuu wa shule ina Windows, huko mtumie IrfanView. Mtunzi wake, Irfan Škiljan, ni mzaliwa wa Bosnia, aliitoa mwaka 1996 na ameruhusu shule kuitumia bure. Ni nyepesi hata kwa kompyuta kuukuu ambayo GIMP inaifanya ihemee. Bonyeza herufi B, itafungua dirisha la kufanyia kazi picha nyingi kwa pamoja. Ndani ya "Advanced" weka upande mrefu uwe 1280, na uchague folda tofauti ya kupokelea.

Niliweka tangazo la kuuza kochi, na picha nilikuwa nimezipunguza vizuri tu. Mtu akanipigia akitaja mtaa ninaokaa kabla sijamwelekeza. Alijuaje? (Dar es Salaam)

Huenda picha ndiyo iliyosema. Simu nyingi huandika ndani ya kila picha saa, aina ya simu, na, ikiwa umeruhusu, mahali ulipokuwa umesimama, kwa usahihi wa hatua chache. Maandishi hayo huitwa Exif. Kupunguza vipimo hakuyafuti lazima, kwani programu nyingi huyahamishia kwenye nakala ndogo kwa uaminifu mkubwa. Mitandao mikubwa ya kijamii huyaondoa ukipandisha picha, ila tovuti ndogo za matangazo si zote. WhatsApp nayo huyaondoa ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama "Document", ile njia niliyomsifia mtu wa Morogoro, yanakwenda yote.

Kwenye Windows bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Details", na chini kabisa utaona "Remove Properties and Personal Information". Chagua itengeneze nakala iliyosafishwa, ndiyo uitumie. Wenye ImageMagick waongeze -strip kwenye amri yao, ikae baada ya -auto-orient, isitangulie, la sivyo picha zitalala tena.

Kwenye simu, zima ruhusa ya mahali kwa kamera. Na lile tangazo la kochi lifute leo, uliweke upya kwa picha zilizosafishwa.